Limau Kwenye Kofia ya Baba Mkwe

Nimewahi kukaa kwenye mapaja ya baba mkwe wangu. Naanza na hilo kabisa ili mtu asije akasema nimelificha, maana hapa Tukuyu wameshalisikia wote, na wengi wamelisikia kutoka kwa wifi yangu Tusa, ambaye amelisimulia mpaka Kiwira kwa namna inayonifanya nionekane mwanamke aliyeingia sebuleni, akaona makochi yamejaa, akaangaza macho, akachagua. Sivyo. Mnisikilize na mimi mwenyewe, halafu mkicheka mcheke mkijua ukweli.

Kwanza mjue mimi si mtu wa huku. Kwetu ni Kilosa. Nimeolewa Rungwe huu mwaka wa saba, mume wangu ni mtu wa Matwebe lakini tunaishi Tukuyu mjini, yeye ni fundi magari na mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Kwetu Kilosa baba mkwe ni baba tu, unamwamkia, unampa chakula, mnaongea habari za mvua, basi. Nilipofika huku nikaambiwa kwamba kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami usoni, hamsemeshi, hampi kitu mkononi, wala halitaji jina lake (ndiyo maana hata hapa simtaji, msiniulize). Wengi wameshaacha hayo, hapa mjini utamkuta mkwe na baba mkwe wanakunywa chai meza moja na hakuna aliyekufa, lakini ukoo wa mume wangu wameshika, na aliyeshika kuliko wote ni shangazi yake, yule mama akikuangalia tu unakumbuka hujafagia.

Basi nikashika na mimi. Nilishika kwa bidii ya mgeni, na mnajua bidii ya mgeni ilivyo, anawapita mpaka wenyeji. Tukienda Matwebe, nikisikia tu mzee anakuja, natoka kwa mlango wa nyuma. Nikikutana naye njiani naingia kwenye migomba, nageuza mgongo, nasimama humo na mvua inaninyeshea mpaka apite, na mvua ya huku si ya kusimama nayo. Siku moja alipiga simu ya mume wangu nikaipokea bila kujua, niliposikia sauti yake nikaitupa simu kwenye karai la nguo. Neema wangu alipozaliwa, wifi ndiye aliyembeba kumpeleka kwa babu yake, mimi mwenye uchungu nikabaki jikoni nasikia watu wanafurahi upande wa pili wa ukuta. Sikulalamika. Na matunda yake niliyaona, maana Shangazi alisimama mbele ya akina mama wa kanisani akasema, huyu wa Kilosa ameshika heshima kuliko mabinti tuliozaa wenyewe. Kwangu maneno hayo yalikuwa kila kitu. Shamba la Matwebe si langu, ukoo si wangu, lugha yenyewe naiokoteza, kitu pekee nilichokuwa nacho huku ni hilo jina la mkwe mwenye heshima.

Sasa Limau.

Limau ni ndege, kasuku wale wadogo wa njano wanaozaliwa humo humo tunduni, si wa porini. Mume wangu alimtoa Dar kwa rafiki yake aliyekuwa anahama, akaja naye kwenye basi usiku mzima, akamkabidhi Neema kwamba ni zawadi, kisha akaenda gereji. Zawadi ya mtoto wa miaka mitano, nani anaihudumia? Mimi. Nani anaosha tundu? Mimi. Na ndege mwenyewe hakuwa na shida na watu, alikuwa na shida na mikono. Ukisimama bila kutikisika anakuimbia, ukiinua mkono tu, hata kujikuna, anajibamiza kwenye nyaya mpaka manyoya yanadondoka. Inaonekana huko alikotoka watoto walikuwa wanamkamata kwa nguvu. Na mimi ni fundi cherehani, kazi yangu yote ni mikono, kwa hiyo kila nikikata kitambaa ndege anataka kufa.

Neema alikuwa analia, anataka kumshika. Nikaamua kumfundisha. Wiki ya kwanza sikumgusa kabisa, nilisogeza tundu karibu na cherehani, nikawa nauacha mkono wa kushoto umelala mezani kama si wangu, ili auzoee. Wiki ya pili nikaanza kuuingiza tunduni polepole na punje za ulezi kiganjani, nikakaa hivyo mpaka bega likafa ganzi, na shukrani yake akaning'ata hapa, kovu hili mnaliona. Nikaendelea. Siku nyingine anasogea hatua mbili, mlango wa jirani ukigongwa anarudi hatua kumi. Nilimwimbia. Nilimwomba. Kuna wakati nilimtukana.

Nilipoanza kumfungulia chumbani aruke kidogo (milango na madirisha yamefungwa, mimi si mjinga), nikagundua anapenda kutua mahali pamoja tu, kwenye kofia ya pama ya kahawia iliyokuwa imetundikwa kwenye msumari. Ilikuwa kuukuu, mume wangu alikuja nayo siku moja ikakaa pale, sikuuliza. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Niliichukua ile kofia nikaivaa. Nikaweka ulezi pale juu kwenye bonde la kofia, nikakaa kwenye cherehani yangu nikashona, na Limau akaja akatua kichwani kwangu akala. Kesho yake vivyo hivyo. Baada ya siku kadhaa nikawa napandisha mkono taratibu ubavuni mwa kofia mpaka ukingoni, nikamgusa kifuani kwa kidole na kumwambia, "Panda." Hapandi. Tena, "Panda." Hapandi. Miezi miwili, jamani. Na siku moja nikiwa napinda suruali ya mtu nikahisi vile vikucha vimeshika kidole changu, nikamshusha mpaka usoni, tukaangaliana, akajikunyata akatulia kama mtoto aliyeshiba. Nililia, sisemi uongo.

Kasoro ilikuwa moja na niliijua. Alikuwa anapanda mkononi kutoka kwenye kofia tu. Kutoka mezani, hapandi. Kutoka tunduni, anang'ata. Na mkono wenyewe uwe wangu, mwingine hautaki. Nikasema nitamrekebisha baadaye.

Baadaye haikufika, ukafika ubatizo wa mdogo wake Neema. Na baba mkwe akasema anakuja. Mnaelewa maana yake? Miaka saba hajawahi kukanyaga nyumbani kwangu, kwa sababu nyumba ya mtoto wa kiume ndiyo jikoni kwa mkwe, sasa anakuja, na ukoo mzima unakuja kuangalia kama huyo mkwe anayesifiwa anasifiwa kwa haki. Shangazi alifika siku mbili kabla kupanga. Mzee atakaa sebuleni kwenye kochi la ukutani. Mimi nitakaa jikoni, ambako ni uani, na nikitaka kitu chumbani nizunguke kwa mlango wa uani. Sebuleni na chumbani panatengwa na pazia, basi pazia lisiguswe. Choo kiko uani, kwa hiyo mzee akitaka kwenda, Tusa atatangulia kuniambia nijifiche. Tusa ndiye atakayepeleka chakula. Nilikubali yote. Nilikubali hata kwamba mtoto anabatizwa, mwanangu niliyemzaa, na mimi sherehe yake naisikia kwa harufu ya vitunguu.

Siku ikafika, baridi na manyunyu, tumetoka kanisani. Mzee ameingia, nasikia kiti kinavutwa, nasikia "ndaga, ndaga" za shukrani, ndizi na maziwa aliyoleta vinapokewa. Jikoni nipo na jirani yangu Mama Halima, ambaye wazee wake ni watu wa Kilwa walioletwa huku na biashara ya vitambaa, na pilau yake kama hujaila hujabatiza. Tukaenda chumbani kwa mlango wa uani kutoa sahani zangu za harusi chini ya kitanda. Limau alikuwa humo tunduni, amekasirishwa na kelele za watu.

Mama Halima akamwangalia. "Huyu ndiye unayesema anapanda mkononi? Mbona amenuna hivyo."

"Anapanda."

"Miezi yote hii nakusikia tu, shoga. Sijaona."

Na mimi sipendi kuambiwa hivyo. Nikafungua tundu. (Najua. Msiniambie. Nimeshajiambia.) Nilifungua kwanza, ndipo nikageuka kuchukua kofia, na msumarini kofia haipo. Mume wangu, tutafika kwake, alikuwa ameificha juu ya kabati asubuhi ile. Limau akatoka, akazunguka chumba mara mbili, akatafuta kofia yake, akaikosa. Na lile pazia halifiki juu. Akapita pale pa wazi akaingia sebuleni, na sebuleni kulikuwa na kofia ya pama ya kahawia, mpya, bonde lake safi pale juu, na chini ya kofia alikuwepo baba mkwe wangu, mwenye upara, ambaye kwa baridi ya Tukuyu haivui kofia mpaka sala ianze.

Nilisikia kikombe kinagonga sahani. Halafu Neema akasema, "Babu, usitikisike."

Msidhani nilikurupuka kuingia. Sikuingia. Nilisimama nyuma ya pazia na Mama Halima akachungulia ananisimulia kwa kunong'ona. Mzee ameinua mkono amtoe, Limau amefungua mbawa amemdonoa kidole. Tusa amempungia kitambaa cha meza, ndege ameruka hadi kwenye dirisha lililo wazi, Neema amepiga kelele kwamba atatoka nje na atakufa kwa baridi, ndege amerudi kwenye kofia. Mtu amesema mzee aivue kofia taratibu aiweke mezani, mzee amejaribu, ndege ameruka tena dirishani, amerudi tena, na safari hii amejisaidia, nusu kwenye ukingo wa kofia, nusu kwenye bega la koti. Neema sasa analia kwa sauti. Pilau inapoa. Mzee wa kanisa amesimama na sala yake mkononi. Mume wangu yuko wapi? Amekwenda kuchukua soda.

Na hapo, nataka hili lieleweke na lirudiwe kila mahali kule lingine lilikorudiwa, ni wifi yangu Tusa aliyesema kwa sauti, "Mwiteni mwenyewe aje amtoe ndege wake." Mama Halima ni shahidi. Neema ni shahidi. Leo Tusa anasema hakusema.

Nikakataa. Shangazi akasema kutoka kule kule, "Aje, lakini asitazame." Sawa. Mimi ni mkwe mwenye heshima, nitakuja bila kutazama. Nikachukua kanga nikajifunika kichwa chote mpaka kidevuni, nikageuza mgongo, nikaanza kuingia sebuleni kinyumenyume, mkono mmoja nimeunyoosha nyuma, kidole tayari, nasema kwa upole ule ule wa siku zote, "Panda, Limau. Panda." Hebu jaribuni kufikiria ukoo mzima unaona nini. Mama Halima ananiongoza kutoka pazieni, "Kushoto. Kushoto kidogo," lakini yeye anasema kushoto kwake na mimi naenda nyuma. Mkono ukagusa kitu. Nikasema hii ni kofia. Kilikuwa laini na kina joto, kikapumua, nikajua nimeshika pua ya baba mkwe. Niliuvuta mkono kama niliyeshika jiko, nikarudi hatua, ila hatua ya kurudi kwa mtu anayekwenda kinyumenyume mnajua inaelekea mbele, na Mama Halima akasema, "Siyo huko, rudi," nikarudi, na hapo ndipo ilipokuwa stuli aliyowekewa mzee chai, nikajikwaa.

Sikuanguka sakafuni. Laiti ningeanguka sakafuni. Nilikaa, vizuri kabisa, mapajani, chai ya watu imemwagika miguuni mwetu wote wawili, kanga imenitoka kichwani, na mkono wangu katika kutafuta pa kujishikia ukaenda juu ukashika ukingo wa kofia. Na Limau, yule mwanaharamu, aliyenikatalia miezi miwili, akaona mkono ule ule umetokea ubavuni mwa kofia kama alivyofundishwa, akapanda. Kwa utaratibu. Mguu mmoja, halafu wa pili. Akatulia.

Niliinuka, sikumtazama mtu, nikatoka uani na ndege mkononi, nikaingia chooni nikafunga komeo.

Nilikaa humo nadhani saa nzima. Limau alikuwa kwenye kidole changu anajipangusa manyoya, mambo yake yameshakwisha. Mimi nalia kwa hasira, maana aibu niliimaliza dakika za mwanzo, kilichobaki ilikuwa hasira. Miaka saba ya kusimama mvuani, nani alinihesabia? Dakika mbili tu hizi zimefuta zote. Ndani kikao kimeshakaa, ndugu wanajadili. Mume wangu alirudi na soda zake, akaja mlangoni akaanza kuniambia, "Mama Neema, usijali," nikasikia sauti yake inatetemeka, nikadhani ana uchungu na mimi, kumbe anazuia kicheko. Nikamfukuza.

Akaja Tusa. Tusa alikuwa anakuja kila baada ya muda mfupi kunisomea hukumu kupitia nyufa za mlango. Kwanza ilikuwa kwamba Shangazi anasema jambo hili halijawahi kutokea. Mara ya pili alikuja na sauti ya utamu kabisa.

"Wifi, Neema anasema wewe huwa unaivaa kofia ya babu yake."

"Kofia gani ya babu yake?"

"Ile ya kahawia. Ya zamani. Baba alimpa kaka aliponunua hii mpya. Neema anasema unaivaa kila siku na unaijaza ulezi."

Ndiyo hivyo. Ile kofia ilikuwa ya baba mkwe. Mimi ambaye sitakiwi kugusa kikombe alichonywea nilikuwa nimeshinda miezi miwili na kofia ya kichwa chake kichwani kwangu, ndege anakula juu yake, na mume wangu alikuwa anapita hapo kila siku, ananiona, anajua, anakula ugali wake, ananyamaza. Alinyamaza kwa sababu ndege alikuwa anajifunza vizuri. Ndivyo alivyojitetea baadaye, kwa maneno hayo hayo. Asubuhi ya ubatizo ndipo alipokumbuka kuificha juu ya kabati, baba yake asiione. Angeiacha msumarini Limau angetua pale pale chumbani na leo nisingekuwa na la kusimulia.

"Shangazi anasema utaleta kuku," Tusa akaendelea. "Jike, mweupe. Na ulezi wa kujaza ungo." Mila ambayo mimi naamini Shangazi aliitunga palepale, maana nimeuliza watu wa Kisiba, nimeuliza watu wa Kiwira, hakuna anayeijua.

"Nimekosa nini? Nimeitwa, nikaja. Niliambiwa nisitazame, sikutazama. Ningetazama ningemkalia?"

Tusa akaondoka.

Nikakaa tena. Manyunyu yanagonga bati. Halafu nikasikia nyayo nyingine, za kuburuza, na fimbo, zikasimama nje ya mlango. Mtu akakohoa. Nikajua ni nani, mwili wote ukataka kutoka kwa mlango wa nyuma, lakini choo kina mlango mmoja. Akakohoa tena. Akasubiri. Mimi nimeshika pumzi, hata Limau ameacha kujipangusa. Akakohoa mara ya tatu, kikohozi kirefu cha kuomba.

Halafu akasema, "Mama Neema."

Miaka saba, hajawahi kuniita. Nikasema, "Baba, sipaswi kukujibu."

"Usijibu. Fungua." Akavuta pumzi. "Mwanangu, wale wana kikao, mimi nina haja. Nimesubiri tangu walipoanza. Nimewaambia wamtume mtu akutoe, wanasema mpaka waamue."

Fikirieni. Mtu mzima, mwenye nyumba yake Matwebe, mwenye chai na migomba, amebanwa saa nzima kwa sababu mila inasema hawezi kugonga mlango wa mahali nilipo mimi, na wale waliokuwa wanalinda heshima yake hawakuwa na habari naye. Nikafungua komeo.

Sikuwa na kanga, ilibaki kule sebuleni kwenye chai. Yeye hakuwa na kofia, Shangazi alikuwa ameichukua kuiosha. Tukasimama kwenye manyunyu, uso kwa uso, na hakuna pa kwenda, maana mimi nimeziba mlango na yeye ameziba njia.

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Kumbe wewe ni mfupi."

"Ndiyo, baba."

"Kwenye picha ya harusi ni mrefu."

"Vilikuwa viatu."

Akatikisa kichwa, akapima hilo. Akamtazama Limau kidoleni kwangu, akaangalia kidole chake mwenyewe kilichodonolewa. "Huyu anauma wote?"

"Asiowajua, baba."

"Ana akili," akasema, akanipita akaingia, akafunga komeo.

Mimi nikabaki pale nimesimama kama nimepigiliwa. Kwa sababu nilikuwa nimeuona uso wake. Picha pekee ya mzee niliyowahi kuiona ni ya kitambulisho, ile ambayo hata mwenyewe hajijui, na siku zote nikipishana naye naona viatu na fimbo. Sasa nimeuona, mchana kweupe, na katikati yake ipo pua ya Neema. Ile ile. Nyembamba pale juu, halafu ina kigongo kidogo upande mmoja kana kwamba ilibadili mawazo njiani. Niliishika kwa mkono huu huu saa moja iliyopita nisijue nimeshika nini.

Alipotoka alirudi sebuleni akawaambia kikao kimekwisha, ameshaongea na mkwe wake, leteni chakula. Hivyo tu. Shangazi alishika kifua lakini chakula kikaletwa, na mimi ndiye niliyekileta, kwa mlango wa mbele, bila kanga usoni. Hakunitazama na mimi sikumtazama, tabia haifi siku moja, ila aliposema pilau imepoa nilimjibu mwenyewe kwamba nitaipasha. Siku hizi akija mjini sokoni anapita kwangu, anakaa kochi lile lile, ananipa habari za Matwebe akiwa anaongea na ukuta, nami namjibu nikiwa naongea na cherehani, na mambo yanakwenda. Jina langu Shangazi amelirudisha nusu. Kuku mweupe nililipa. Shangazi na Tusa ndio waliomla, wala hawakunipa hata shingo, na kwa hilo sijasamehe.

Kofia nimeirudisha kwa mwenyewe, na nimeapa sitamfundisha tena kiumbe chochote kwa kumzungusha kupitia kofia. Limau nimeanza naye upya, mkono mtupu, kidole mbele ya kifua, ananing'ata kila siku na namwacha aning'ate, ataelewa tu.

Lakini hasira yangu, na ninaposema hasira simaanishi chai wala kuku wala vicheko vya Kiwira, hasira yangu iko hapa. Mama yangu Kilosa alikuwa akimpakata Neema ananiuliza, mwanangu, hii pua mmeitoa wapi, kwetu haipo, kwa mumeo haipo. Nikamjibu sijui, Mama. Alikuwa akiuliza kila likizo mpaka alipofariki, na kila likizo nilimjibu sijui, na mwenye pua alikuwa Matwebe, mzima, anakunywa chai.